Huduma ya Kwanza kwa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa karatasi. Kazi yangu katika ofisi ya chuo, hapa Ibanda mjini Bukavu, ni kupanga ratiba za mitihani, na balaa kubwa kuliko yote lililowahi kunipata pale ni wanafunzi kukuta mitihani miwili imewekwa saa ileile. Kwa hiyo kamati ya mtaa wetu iliponichagua kwenda kujifunza huduma ya kwanza, mke wangu aliuliza kama hapakuwa na mtu mwingine mwenye mikono. Nadhani walinichagua kwa sababu nilikuwa nimebaki kwenye mkutano hadi mwisho. Wenzangu waliona wingu linakuja kutoka ziwani wakaondoka zao, mimi nilikuwa sina mwavuli.

Mafunzo yalichukua siku tatu katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa watu kumi na wanane: madereva wa pikipiki, akina mama wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mzee mmoja wa kwaya, na mimi na kalamu zangu za rangi tatu. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kilima cha pili. Alikuja na mdoli wa plastiki asiye na miguu, kambeba kwapani, akamweka juu ya meza na kumfunika kitenge kwa heshima zote.

Siku ya kwanza alitufundisha jambo moja tu, akalirudia mpaka mzee wa kwaya akaanza kulitamka pamoja naye.

"Ukifika, kwanza unaangalia. Magari imesimama? Waya ya kura, ya umeme, haiko chini? Halafu unaita: Papa, unanisikia? Maman, unanisikia? Unamugusa ku bega. Akijibu, muzuri. Asipojibu, njo unaanza kazi. Kuuliza kwanza!"

Niliyaandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu na kuyapigia mstari mara mbili. Nayasema mapema ili ijulikane kwamba nilifundishwa.

Siku ya pili aliwageukia madereva wa pikipiki. Aliwauliza: mtu ameanguka barabarani, mguu umevunjika, mnafanya nini? Walijibu kwa fahari, wote kwa pamoja, kwamba wanamweka katikati. Kila mtu wa Bukavu ameliona jambo hilo. Dereva anakaa mbele, majeruhi katikati, rafiki mmoja nyuma amemkumbatia ili asianguke, na ule mguu uliovunjika unaning'inia na kucheza juu ya mawe mpaka mlangoni mwa hospitali. Muuguzi alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Munamuokota na muguu mumoja imevunjika," akasema, "munamufikisha na mbili."

"Lakini maman, tunaenda mbio," dereva mmoja akajitetea.

"Njo shida yenyewe!"

Akatuonyesha kufunga mguu kwa mbao na vitenge, na kumbeba mtu juu ya mlango uliong'olewa au benchi la kanisa, watu wanne, polepole, wakihesabu hatua. Aliyelazwa kwenye benchi alikuwa mzee wa kwaya. Aliipenda kazi hiyo kiasi kwamba alikataa kushuka.

Siku ya tatu ilikuwa ya vidonda vinavyotoka damu, asubuhi, na mtu aliyesakamwa na chakula, mchana. Hapo muuguzi hakufanya mzaha. Alisema mtu anayekohoa anapumua, huyo mwacheni akohoe, msimpe maji, msimtie kidole mdomoni. Wa kumkimbilia ni yule aliyenyamaza, ameshika koo, hawezi kusema wala kuvuta pumzi. Huyo unamwinamisha mbele na kumpiga katikati ya mabega kwa kiganja, mara tano, kwa nguvu. Kama haikutoka, unasimama nyuma yake, unamzungusha mikono, ngumi moja juu ya kitovu chini ya mbavu, mkono wa pili juu ya ngumi, na unavuta kuja ndani na kupanda juu, mara tano. Halafu unarudia. Na tulipokuwa tukijaribu sisi kwa sisi tulikatazwa kabisa kuvuta kweli, kwa sababu tumbo la mtu mzima si ngoma.

Niliwekwa na mama mmoja muuza sambaza. Nilimwomba ruhusa ya kumgusa. Akakubali. Nikaomba tena, nikisimama nyuma yake na mikono hewani. Nilipoomba mara ya tatu aligeuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Papa, unataka kuniokoa ao kuniposa?"

Ukumbi mzima ulicheka, muuguzi naye. Tukapewa kila mmoja jile, kizibao kisicho na mikono, ya rangi ya machungwa na mfuko mdogo wa bandeji, tukapigwa picha tukiwa tumesimama kwa mistari, mdoli mbele yetu.

Nikiri kwamba nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Kwa wiki nzima nilikuwa mzigo. Nilimlaza mke wangu ubavu kwenye zulia la sebuleni, goti limekunjwa, mkono chini ya shavu, huku sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiungua jikoni. Nilimfunga mkono shingoni kwa kitambaa cha pembe tatu, kisha simu ikaita, nikaenda kuzungumza na mtu wa ofisini, nikamsahau hivyo hivyo.

Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Umwambie papa wa batoto, binti yangu nilimupatiaka na mikono mbili."

Huyo alikuwa mama mkwe wangu, na hapo sina budi kueleza habari ya pazia.

Mama mkwe anaishi upande wa Kavumu, ambako ana shamba la maharagwe na sauti ya mwisho katika mambo ya ukoo. Alikuja kwetu mjini kutolewa mtoto wa jicho, na akabaki ili daktari aendelee kuliangalia. Huko kwao, mume wa binti na mama wa binti hawashikani mikono, hawali pamoja, na kinywa cha mmoja kikitafuna hakionwi na mwingine. Mambo hayo mjini yamelegea. Nimeona wanaume wa Bukavu wakikumbatiana na mama wakwe zao kwenye picha za harusi na hakuna aliyekufa. Lakini mama mkwe wangu hakulegea hata uzi mmoja, na miaka kumi na minne ya ndoa yangu ilikuwa imepita bila yeye kuniambia neno moja uso kwa uso, wala mimi kumwambia.

Siwezi kusema niliteseka. Ule utaratibu una utulivu wake. Mke wangu alitundika pazia la maua kati ya sebule na ule upande wa nyuma wenye jiko na chumba cha watoto, alikolala mama yake. Mimi nilikula huku, mama mkwe alikula kule, hatua tatu kati yetu, kila mmoja akisikia mwenzake akimeza mate. Tulizungumza sana. Tulizungumza kuliko wakwe wengi wanaotazamana. Ila neno halikuhesabiwa kuwa limefika mpaka mke wangu alirudie.

"Umuulize papa wa batoto kama kule ku chuo banamulipaka juu ya kuandika tu."

"Mama anauliza kama unalipwa kwa kuandika tu," mke wangu alisema akiwa anakuna nazi ya kutengenezea biskuti.

"Mwambie mama kwamba kuandika kunachosha."

"Mama, anasema inachokesha."

"Aaah. Umwambie pole."

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, hufika nyumbani amechoka, na alikuwa na tabia ya kufupisha. Mama yake angetoa hotuba nzima kuhusu mvua, bei ya mbegu na uvivu wa wanaume wa mjini, naye angenigeukia na kusema: "Mama anasema hujambo."

Nilikuwa nampenda mama mkwe wangu. Sikujua hivyo wakati ule, au nilijua lakini sikuwa na mtu wa kunipelekea neno hilo ng'ambo ya pazia. Nilijua tu kwamba nikitoka kazini nilipanda ngazi zetu za udongo haraka kidogo kuliko zamani, nikijiuliza leo atanichoma na nini.

Alipata cha kunichoma nacho mwezi mzima, na nilimpa mwenyewe. Siku moja mchana nilimwona mlinzi wa nyumba ya jirani amelala kwenye nyasi kando ya geti, kofia imeanguka, mdomo wazi, mkono mmoja umekunjika vibaya chini ya mwili. Nilikimbia ndani nikachukua jile ya machungwa. Nikaivaa, nikafunga zipu, maana kazi ni kazi. Nilirudi mbio, nikapiga magoti, nikamkunja goti na kumgeuza ubavu kwa ustadi ambao muuguzi angeutolea machozi, nikaanza kumfungua kola. Kila kitu nilikifanya isipokuwa kumwita.

Yule mtu alifumbua macho. Alikuwa amelinda usiku kucha na alikuwa amekula mchana maharagwe mengi, basi.

"Papa," akaniambia taratibu, "unatafuta nini ku mwili yangu?"

Wakati huo tayari kulikuwa na watu kumi wamesimama getini. Watoto wangu wawili walikuwa miongoni mwao, na habari ilifika nyuma ya pazia kabla sijamaliza kuomba msamaha. Kuanzia siku ile nilikuwa nimekwisha. Nikikohoa, mama mkwe alisema: "Umuulize kama alilala ubavu." Nikichelewa kuamka Jumamosi, alisema waniache, labda nimeokolewa. Siku mlinzi alipopita kusalimia, alitoka mpaka uani kumuuliza hali yake kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili. Tulikuwa tumetoka misa, mvua ya asubuhi ilikuwa imekata, watoto walikuwa wamebaki parokiani kwenye mazoezi ya kwaya. Mke wangu alipika nyama ya ng'ombe, na nyama ile ilikuwa ngumu, hilo hata yeye analikubali. Mimi nilikuwa mezani na bugali yangu, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake kule nyuma, na mke wangu alisimama katikati, bega likisukuma pazia, akimsimulia mama yake habari ya mlinzi kwa mara ya labda ishirini. Mama mwenyewe ndiye aliyeiomba. Mke wangu alifika pale mlinzi anaponiuliza natafuta nini, akaigiza sauti yake, na mama mkwe akapasuka kicheko. Alicheka kicheko kikubwa cha kutoka shambani, mimi nami nikacheka huku nikijifanya nimekasirika.

Kisha kicheko kilikatika, hakikupungua kama vicheko vinavyopungua.

Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma. Nikasikia kandambili zake zikienda chumbani, hatua za taratibu, za mtu mwenye adabu zake. Mlango ukafungwa. Mke wangu alikuwa ameshaingia sebuleni kuniletea maji.

"Mama ameenda wapi?"

"Ameenda kujifuta machozi, atacheka mpaka kesho."

Lakini sikusikia akikohoa, wala akijisafisha koo, wala akisema lolote, na mama mkwe wangu hajawahi kuingia mahali bila kusema lolote. Na mwone mambo ya binadamu: nilikuwa nimeshaelewa, na bado nikamwambia mke wangu:

"Mwambie mama akohoe."

"Nini?"

"Mwambie akohoe! Kwa nguvu!"

Mke wangu alienda mpaka kwenye pazia. "Mama! Papa wa batoto anasema ukohoe!"

Kimya.

"Muulize kama anaweza kusema."

"Mama! Anauliza kama unaweza kusema!"

Mpaka leo nikikumbuka zile sekunde, masikio yananiwaka. Mwanamke anakufa hatua sita kutoka nilipo, na mimi nampelekea salamu. Katika siku tatu za mafunzo tulikuwa tumeuliza kuhusu walevi, watoto wachanga, watu waliozama ziwani na watu walioumwa na mbwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu mama mkwe, na mimi mwenye kalamu tatu nilikuwa wa kwanza kunyamaza.

Nilipita pazia. Nilikuwa sijawahi kulipita yeye akiwa kule. Nikasukuma mlango wa chumba.

Alikuwa amesimama kati ya vitanda vya watoto, mkono mmoja ukutani, mkono mwingine kooni. Jicho moja lilikuwa na bandeji, na lile lingine lilikuwa likinitazama, wazi, kubwa, kwa mara ya kwanza maishani. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Na aliponiona, yule mama aliuachia ukuta, akainua pembe ya kitenge chake na kujifunika kinywa.

"Mama, unanisikia?" nikasema. Angalau hilo safari hii sikulisahau. Akaitikia kwa kichwa. "Mama, unisamehe."

Nilimwinamisha, nikampiga mgongoni. Pigo la kwanza lilikuwa kama la mtu anayebisha hodi kwa mkuu wa chuo. Mke wangu, ambaye alikuwa amefika mlangoni, alipiga kelele: "Piga!" Nikapiga. Deux. Trois. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama nilivyofundishwa, nikampiga mama wa mke wangu kati ya mabega mbele ya binti yake, na hakuna kilichotoka. Baada ya pigo la tano magoti yake yakaanza kulegea.

Nilisimama nyuma yake nikamzungusha mikono. Mama mkwe ni mtu mnene na mikono yangu ni ya ofisini, vidole vilikutana kwa shida. Nilitafuta kitovu cha watu kwa ngumi, juu ya kitenge, nikafunika ngumi kwa mkono wa pili na kuvuta. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika mji huu ambao umetupa sababu nyingi za kuogopa. Nilivuta mara ya pili, nikahisi uzito wake wote unaniegemea kifuani, nikafikiri: ameondoka, na nimemshika hivi. Nikavuta mara ya tatu.

Kipande cha nyama kiliruka kikaangukia juu ya mto wa mtoto. Kisha ikaja ile sauti, pumzi ndefu yenye kukwaruza, mbaya kuisikia, na mimi sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Akavuta nyingine. Akakohoa. Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja na kumwita Mungu kwa lugha tatu.

Nilitambua kwamba bado nilikuwa nimemkumbatia. Yeye naye alitambua wakati huohuo, kwa sababu mwili wake ulikakamaa kama ubao. Nikaachia. Akakaa kitandani, akajifunika kitenge mpaka kichwani, na mimi nikatoka mlango wa nyuma nikaenda kusimama katikati ya kabichi za jirani, bila viatu. Jirani alitoka, akaniangalia, akaingia tena ndani. Tangu habari ya mlinzi, mtaa ulikuwa umeacha kuniuliza maswali.

Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba aliyevutwa tumbo namna hiyo lazima akaonwe na daktari, hata akijisikia mzima. Mke wangu alimpeleka jioni ileile, kwa gari na si kwa pikipiki. Daktari alimpapasa, akaangalia na jicho pia, akasema hakuna kilichohama. Akauliza ni nani aliyemfanyia kazi nzuri hivyo.

"Mutu mumoja wa formasio, ile mafunzo ya parokia," mama mkwe akajibu, na akauliza kama anaweza kwenda.

Mke wangu alinisimulia hayo akicheka. Mimi nilicheka siku ile tu. Kwa sababu kuanzia Jumatatu, nyuma ya pazia palikuwa kimya. Nilirudi kazini, nikavua viatu kwa kelele za makusudi, nikakohoa. Hakuna. Nilimwambia mke wangu kwa sauti ya juu kwamba leo nimechoka sana kwa kuandika. Hakuna aliyenipa pole. Nilisikia kijiko chake kikigusa sahani na kandambili zake zikienda na kurudi. Mama mkwe alikuwa anakula uji tu, na alikuwa haniulizii.

Jumanne nilimwuliza mke wangu, kwa kunong'ona, kama mama yake amekasirika.

"Sijui. Hataki kuongea habari hiyo."

"Mwambie..." nikaanza, kisha sikujua amwambie nini.

Jumatano alitangaza, kwa mke wangu na si kwangu, kwamba jicho limepona na kesho anarudi Kavumu. Daktari alikuwa bado hajasema hivyo. Usingizi ulinipaa. Nilielewa vizuri sana: alikuwa hawezi tena kukaa nyumba moja na mwanamume aliyemwona kinywa wazi na kumpiga na kumshika tumbo. Angefika kwao, na huko angetafuta njia ya kutokuja tena, kwa upole, kwa visingizio vya maharagwe. Nilikuwa nimemwokoa nikampoteza. Iliniuma, na sikuona aibu kwamba inaniuma.

Asubuhi ya Alhamisi niliomba ruhusa ya saa moja kazini. Gari la Kavumu lilikuwa limesimama chini barabarani, na mke wangu alikuwa ameshuka ngazi na kikapu cha mama yake. Watoto walikuwa shuleni. Nilibaki sebuleni, nimesimama, uso umegeukia dirishani, kama adabu inavyotaka mama mkwe anapopita kutoka nje.

Pazia lilisogea. Kandambili zikaja mpaka katikati ya sebule zikasimama. Nilisubiri mke wangu aseme "mama anasema", nikakumbuka kwamba hayupo.

"Nilipofunga ule mulango," sauti ikasema, "nilijua nakufa. Nilijua muzuri kabisa. Nikasema, afazali nife kuliko mukwe yangu anione vile."

Sikugeuka. Sikujua kama nimeruhusiwa kujibu.

"Siku tatu niko najiuliza. Ningekufa ju ya nini? Ju ya kipande ya nyama na haya. Na we ungebakia na kunizika, na hungejua kama nilikuwaka nakuchekelea ju nakupenda."

Maji yalinijaa machoni, dirisha likawa ukungu. Nikasema, "Mama..."

"Ngoja, siyamaliza. We nani atakuokoa? Binti yangu ataliaka tu, nilimuona. Batoto mikono yabo bado kidogo. We unakulaka mbio, nakusikiaka hapa nyuma kila siku. Siku yako ikifika, nani ataweza?" Akasogea hatua moja. "Unionyeshe."

"Mama?"

"Ile kitu ulinifanyia. Unionyeshe. Gari inanisubiri."

Nilimweleza bila kugeuka, nikitazama ziwa ambalo sikuliona. Nilimwambia asimame nyuma yangu, mguu mmoja mbele. Nilimwambia habari ya ngumi. Nilifikiri amebadili mawazo, kisha mikono miwili ya shambani, migumu, mizito, ikapita chini ya kwapa zangu ikakutana mbele bila shida yoyote.

"Hapa?"

"Juu kidogo, mama."

"Hapa?"

"Hapo."

"Sasa navuta?"

"Hapana, mama! Kwa mtu asiyesakamwa hatuvuti."

Hakuvuta. Chini barabarani dereva alipiga honi, akapiga tena, na mke wangu akamwita mama yake kutoka kwenye ngazi. Yeye alikuwa bado ameniweka ngumi pale juu ya kitovu, kichwa chake chenye bandeji kimeegemea mgongo wangu, na maneno aliyosema hakumpa mtu wa kuyapeleka.

"Ukulake polepole, mutoto yangu."